Ng'ombe wa Anthony Johnson na mahakama ya Northampton

Ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, upande wa mashariki wa Virginia, kuna kaunti ya Northampton. Vitabu vya mahakama yake vinaanzia mwaka 1632 na havijakatika hadi leo. Kumbukumbu za kaunti nyingi za jimbo hilo zilihamishiwa Richmond wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zikateketea mwaka 1865. Za Northampton zilipona, na ndiyo maana wanaobishana kuhusu mahakama za kikoloni za Marekani hawaachi kuzifungua.

Wapo wanaosema ilikuwa mahakama ya watu. Mahakimu wenyewe walikuwa wakulima wa tumbaku, si wanasheria, nao walisikiliza madeni, mifugo na matusi ya majirani. Mwaka 1634 mwanamke aliyemtukana mwenzake aliambiwa achague: aburutwe mtoni nyuma ya mtumbwi, au aombe radhi kanisani. Lakini mfano wanaoupenda zaidi ni Anthony Johnson, Mwafrika aliyeletwa 1621, akaja kupata uhuru, na mwaka 1651 akapewa ekari 250. Moto ulipomtia hasara, mahakama mwaka 1653 ilimsamehe mkewe na binti zake kodi.

Hoja nzuri, mpaka umfikie John Casor.

Casor, naye Mwafrika, alidai alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemshikilia miaka saba ya ziada. Johnson akajibu kwamba mkataba huo hajawahi kuuona; Casor ni wake maisha yote. Jirani Mzungu, Robert Parker, akamchukua Casor shambani kwake. Familia ikamsihi Johnson amwachie tu, kwa hofu kwamba akikataa, Casor atashtaki na kuondoka na ng'ombe wa Johnson. Akakubali, kisha akajuta, akaenda mahakamani. Machi 1655 mahakimu wakaamuru Casor arudishwe kwa Johnson, na Parker alipe gharama za kesi.

Mitandaoni kisa hiki hugeuzwa kuwa "mmiliki wa kwanza wa watumwa Marekani alikuwa Mweusi". Si kweli. Mwaka 1640, mahakama ya juu kule Jamestown, makao makuu ya koloni, ilishamhukumu Mwafrika John Punch utumishi wa maisha kwa kutoroka, ilhali Wazungu wawili aliotoroka nao waliongezewa miaka minne tu.

Upande wa pili husema mahakama za kaunti zilikuwa mtambo wa utumwa tangu siku ya kwanza. Hapo nao, naona, wanakimbia kidogo. Mwaka 1655 Virginia haikuwa bado na sheria ya bunge iliyoufanya Uafrika kuwa utumwa. Mbele ya mahakimu wale, Johnson alisimama kama mwenye mali anayedai mali yake, wakampa. Casor hakuwa na karatasi wala ng'ombe wa kuhesabika, hata ushahidi wake ukawa mwepesi. Mlango ulikuwa wazi, ila kwa mwenye kitu.

Baadaye hata kitu hakikutosha. Johnson alihamia Maryland akafia huko, na mwaka 1670 baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba kwa kuwa alikuwa Mweusi, basi alikuwa mgeni, na ardhi aliyoiacha irudi mikononi mwa serikali ya koloni.