Kiti cha mhariri wa Diabetes Care na sukari ya Mbagala

Jarida la kisukari la Diabetes Care linapobadilisha wahariri, madaktari ninaowafahamu hapa Dar es Salaam hugawanyika. Wengi husoma majina, wakafunga, wakarudi kwenye foleni ya kliniki: hayo ni ya Wamarekani. Wachache hulalamika kwamba wanaoamua makala ipi ipite ni, kwa sehemu kubwa, watu ambao kazi yao yote wameifanya kwenye kliniki za Marekani na Ulaya. Wachache hawa hujibiwa haraka kwamba wanatafuta vyeo. Naona hawajasikilizwa sawasawa.

Jarida hili lilianza mwaka 1978 chini ya Chama cha Kisukari cha Marekani, na kila Januari hutoa miongozo ya matibabu ambayo hata wanafunzi wetu wa udaktari huinukuu. Mwaka 2017 William Cefalu alimwachia kiti Matthew Riddle. Mwaka 2022 kikaenda kwa Steven Kahn wa Seattle, na manaibu wake wakawa Cheryl Anderson, John Buse na Elizabeth Selvin.

Wanaosema hayatuhusu wana hoja, tena nzito. Kahn mwenyewe alisomea udaktari Cape Town, kwa hiyo Afrika haikuwa ngeni mezani. Selvin, wa Johns Hopkins, ametumia miaka mingi kuchunguza kipimo cha sukari cha HbA1c, kile ambacho wagonjwa wetu hukiita kipimo cha miezi mitatu. Mhariri hawezi kuchapisha kisichotumwa, na utafiti mkubwa wa dawa unahitaji fedha ambazo vyuo vyetu havina. Zaidi ya hapo, mgonjwa hafaidiki na makala dhaifu eti kwa kuwa imeandikwa Afrika. Yote haya nayakubali.

Lakini tuangalie kazi yenyewe ya mhariri. Makala ikifika, kwa kawaida mhariri mmoja huisoma kwanza. Akiona haina uzito kwa wasomaji wake, huirudisha kabla mhakiki yeyote hajaiona. Akiona inafaa, yeye ndiye anayechagua wahakiki. Hapo hapimi usahihi wa hesabu peke yake. Anaamua lipi ni swali na lipi si swali, na hilo mtu huliamua kwa kukumbuka wagonjwa aliowahi kukaa nao.

Chukua tarakimu moja ambayo imenikaa kichwani kwa miaka: 0.29.

Mwaka 2009 kamati ya kimataifa ya wataalamu ilichapisha, katika Diabetes Care hiyohiyo, pendekezo kwamba HbA1c itumike kutambua kisukari, na mpaka wa kuutangaza ugonjwa uwe asilimia 6.5. Chama cha Marekani kikaupokea mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 2011. Kipimo hiki husoma sukari iliyonata kwenye himoglobini ya chembe nyekundu. Chembe zikiishi muda mfupi kuliko kawaida, au himoglobini yenyewe ikiwa ya aina nyingine, usomaji huyumba. Mwaka 2017 jarida la tiba la Marekani, JAMA, likachapisha utafiti wa Wamarekani weusi 4,620, ambao 367 kati yao walikuwa wabebaji wa kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu. Hawa si wagonjwa, ni watu wazima wa afya ambao wengi wao hawajijui. HbA1c yao ilisomeka chini kwa wastani wa pointi 0.29 za asilimia, ingawa sukari yao ilikuwa sawa na ya wenzao.

Ni kidogo, watu huniambia. Mashine mbili za maabara zinaweza kupishana karibu hivyo. Kweli, lakini kosa la mashine huenda juu leo na chini kesho, na kwa watu wengi hujifuta. Hili huvuta upande mmoja tu, kila siku, kwa mtu yuleyule. Aliyestahili kusoma 6.5 anasoma 6.2 na kuambiwa bado hajafika. Aliye kwenye dawa anasomeka 7.0, anapongezwa kwa kufikia lengo, na kumbe yuko 7.3. Sasa irudishe Tanzania, ambako zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi amebeba kinasaba hiki na ambako, kwa makadirio yanayotumika sana, watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi zaidi. Kosa ambalo Marekani linagusa sehemu ndogo ya wagonjwa, kwetu limekaa katikati ya chumba cha kusubiria.

Shangazi yangu anaishi Mbagala, hapa Dar, kwao ni Sengerema, Kanda ya Ziwa. Alipima akapata 6.3, akaambiwa yuko mpakani, apunguze ugali na wali. Miezi mitano baadaye, kiu ilipozidi na usiku akawa haachi kuamka kwenda kujisaidia, alipimwa asubuhi kabla ya chai, siku mbili tofauti. Mara zote sukari ya damu ilipita milimoli 7 kwa lita, kiwango ambacho kisukari hutangazwa. Siwezi kuapa kwamba tofauti hiyo yote ilitokana na selimundu. Ninachojua ni kwamba shangazi alizika mtoto wa selimundu, na mzazi wa mtoto wa selimundu kwa kawaida huwa amebeba kinasaba chake. Hakuna aliyemuuliza. Simlaumu muuguzi, kwa sababu namba aliyoisoma aliipokea ikiwa imeshakamilika.

Ni haki kusema kwamba miongozo ya Marekani inataja selimundu, na inaelekeza mgonjwa wa selimundu atambuliwe kwa sukari ya damu badala ya HbA1c. Onyo limo. Ila onyo ni jambo moja, na kujua ukubwa wa kosa ni jingine. Miaka saba ilipita kati ya mpaka ule kupokelewa na kosa hilo kupimwa kwa watu wengi kiasi hicho, na likapimwa Marekani, wakati walio na hatari kubwa wapo hapa. Mhariri aliyewahi kufanya kazi Mwanza angeona pengo hilo siku ya kwanza, angeita watafiti na kuomba makala. Wahariri huomba makala. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Mtu atanijibu kwamba kazi nzuri ya Dar hupata njia. Imepata, ndiyo. Mwaka 1990 Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walieleza katika BMJ, jarida la tiba la Uingereza, habari za wagonjwa wapya 1,250 wa Dar es Salaam, wa mwaka 1981 hadi 1987. Mwaka 2002 ugonjwa wa mkono wa wenye kisukari, mchubuko mdogo unaogeuka usaha hadi mkono kukatwa, ulitangazwa kutoka jiji hili katika taarifa ya kila wiki ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Lakini rudi kwenye wale 1,250: kati yao, 153 hawakuweza kupangwa kwenye aina yoyote. Mfano mwingine wa mgonjwa kukosa kundi ni kisukari cha utapiamlo: Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekitenga kama kundi lake mwaka 1985, likalifuta mwaka 1999. Aprili 2025, huko Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likalirudisha kwa jina la aina ya 5. Karibu miaka 26 kundi hilo halikuwa na jina rasmi, na utafiti wa kitu kisicho na jina ni mgumu kuutetea mbele ya mhariri ambaye hajamwona mgonjwa wake.

Kwa hiyo sioni haja ya kudai kiti cha mhariri mkuu, wala mgawo wa mataifa. Wala majina ya Waafrika kwenye bodi ya heshima hayatoshi, maana wengi wa bodi hizo hawagusi makala hadi watumiwe. Kinachotakiwa ni nafasi za wahariri wanaopokea makala na kuwapangia wahakiki, watu wawili au watatu wanaotibu pale ambapo selimundu, malaria na upungufu wa damu hukutana na sukari kwenye mwili mmoja.

Hapa upande wa pili una hoja ambayo sijaipatia jibu kamili. Kazi hiyo hula jioni na wikendi. Mhadhiri wa Muhimbili anafundisha, anazunguka wodi, anasimamia tasnifu, na wagonjwa bado wamejaa kwenye mabenchi. Ukimwongezea makala za kusoma kila mwezi bila mtu wa kushika sehemu ya kliniki yake, wanaoumia ni walewale tunaotaka kuwasaidia. Chama cha Marekani kikitaka wahariri wa aina hiyo, kilipe muda wao, na chuo kihesabu uhariri kama kazi wakati wa kupandisha watu vyeo.