Nani alimharibu Andy Bernard?

Ukitaka kuwasha ugomvi kwenye meza ya watu wanaoipenda The Office ya Marekani, usiulize kama Steve Carell, aliyemcheza bosi Michael Scott, alikosea kuondoka. Hapo wote watakuwa kitu kimoja, watasikitika pamoja na kuagiza chai nyingine. Uliza kuhusu Andy Bernard wa msimu wa 9. Nusu ya meza itasema jamaa alikuwa hovyo tangu siku ya kwanza. Nusu nyingine itasema waandishi walimzika mtu akiwa hai. Mimi niko na hawa wa pili, ila ipo lawama moja ya mashabiki wenzangu nisiyoikubali hata kidogo, na nitaifikia.

Kwa ambaye hajaiona: ni tamthilia ya vichekesho kuhusu tawi la kampuni ya kuuza karatasi, Dunder Mifflin, katika mji wa Scranton, Pennsylvania. NBC waliirusha kuanzia Machi 2005 hadi Mei 2013. Ilichukuliwa kutoka kwa Waingereza, kwa Ricky Gervais na Stephen Merchant, ambao walitengeneza sehemu 12, wakaongeza kipindi maalumu cha Krismasi, wakafunga duka. Wamarekani walifika sehemu 201. Nusu ya maradhi tunayoyazungumzia hapa imo ndani ya tofauti hiyo.

Andy, anayechezwa na Ed Helms, anaingia msimu wa 3 akitokea tawi la Stamford. Ni mtu wa kuchosha kwelikweli. Hawezi kumaliza dakika tatu bila kukukumbusha kwamba alisoma chuo kikuu cha Cornell. Anampa kila mtu jina la utani, anaimba pasipoombwa, anajipendekeza kwa bosi hadi unaona aibu kwa niaba yake. Na ana hasira. Januari 2007 wenzake wanamficha simu yake juu ya dari, inaita na kuita, naye anapiga ngumi ukutani mpaka ukuta unatoboka. Anapelekwa kwenye mafunzo ya kudhibiti hasira. Huyo ndiye Andy wa mwanzo, na wanaosema alikuwa malaika kabla ya msimu wa 9 wamesahau ukuta ule.

Lakini angalia kilichofuata. Anarudi akiwa amepoa. Anamchumbia Angela, mhasibu wa ofisi, tena kwa kutumia fataki zilizoandaliwa kumuaga mtu mwingine, na Angela anamkubali bila furaha yoyote. Anakuja kugundua kwamba mchumba wake anatembea na Dwight, muuzaji mwenzao, na kwamba ofisi nzima inajua isipokuwa yeye. Ndipo tulipoanza kumhurumia. Msimu wa 6 anampenda Erin, mpokea wageni, kwa aibu ya mtoto wa shule. Msimu wa 8, baada ya Michael Scott kuondoka, anapewa ukuu wa tawi, na tunakutana na wazazi wake kwenye sherehe ya bustani. Tunaona jinsi baba anavyomwangalia Walter, mdogo wake Andy, kama mwana na Andy kama mgeni aliyekawia kuondoka. Sherehe moja tu, na mambo yote ya Cornell, ya kuimba, ya kujipendekeza, yakapata chanzo. Nilimsamehe mengi siku hiyo.

Halafu ikaja safari ya Florida. Erin amebaki kule na hataki kurudi Scranton, Andy anaacha kazi mezani, anawasha gari na kumfuata. Anaporudi, Nellie, mkubwa mmoja kutoka kampuni mama, ameshakikalia kiti chake. Anashushwa cheo, hasira inampanda, anapiga tena ngumi ukutani. Ngumi ile ile, miaka mitano baadaye! Hapo waandishi walikuwa wanakumbuka kila kitu. Anafukuzwa, anahangaika, kisha anamshawishi David Wallace, mkubwa wa zamani wa Dunder Mifflin, ainunue kampuni na anarudi kazini kwa mlango wa mbele. Msimu wa 8 una matatizo yake, mkurugenzi mkuu Robert California akiwa mojawapo kubwa, lakini kwa Andy walimtengenezea njia ukaiona.

Msimu wa 9 unaanza Septemba 2012. Andy amerudi kutoka kwenye kambi ya mafunzo ya uongozi na amekuwa mtu mwingine: jeuri, mwenye kisasi kwa Nellie, asiyemsikiliza Erin hata akiwa amekaa mbele yake. Sababu tunayopewa ni hiyo kambi, imetajwa na kupita. Mwezi Novemba baba yake ameifilisi familia na kutoroka, boti ya ukoo inapaswa kuuzwa, na Andy anaamua kuipeleka Karibiani yeye na mdogo wake. Erin, aliyemsaidia kuitayarisha, anaachwa amesimama gatini. Miezi mitatu. Hapigi simu za maana, haulizi ofisi ikoje. Anarudi Februari na ndevu, akitarajia kukuta kila kitu alivyokiacha, pamoja na mwanamke.

Sababu halisi ya ile miezi mitatu haikuwa siri: Ed Helms alikuwa anapiga filamu ya tatu ya The Hangover, iliyotoka Mei 2013. Mwigizaji ana ruhusa, ratiba zimegongana, ni mambo ya kazi. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba ratiba ya mwigizaji iligeuzwa kuwa tabia ya mhusika. Helms alihitaji likizo, Andy ndiye aliyeonekana hana utu.

Sasa ile lawama nisiyoikubali. Mashabiki wengi husema, "Andy yule asingefanya hivi." Mimi nasema angeweza. Mtu aliyelelewa kwa kunyimwa sifa, akapewa cheo kikubwa ghafla, akaona baba aliyemwabudu ametoroka na pesa, anaweza kabisa kuwageuka wanaompenda. Tunawajua watu wa namna hiyo, wengine tumefanya nao kazi. Ingekuwa hadithi nzuri mno kama wangeisimulia. Tungekaa na Andy ndani ya boti ile hata kwa sehemu moja, tumwone akishika simu apige kwa Erin halafu akairudisha mfukoni. Badala yake tunabaki Scranton, na mtu tuliyemfuata kwa miaka sita anabadilika nje ya picha. Kisha anarudi kwetu akiwa tayari adui, kwa sababu hadithi ilihitaji Erin ampende Pete, mfanyakazi mpya, bila sisi kumlaumu Erin. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Ili kijana mpya apendeke, ilibidi wa zamani achukize.

Na waliendelea kumsukumia shimoni. Anawaajiri Gabe, aliyewahi kuwa na Erin, na Alice, aliyewahi kuwa na Pete, ili tu wawatese wale wawili ofisini. Mwishoni anaacha kazi kutafuta umaarufu, anakwenda kwenye mashindano ya uimbaji, anakuta foleni imeshafungwa, anajipenyeza, analia mbele ya majaji, na kilio chake kinakuwa kichekesho cha nchi nzima kwenye intaneti.

Wengi wetu huku tuliipata The Office ikiwa imekwisha kitambo, misimu yote tisa ndani ya flashi moja. Nadhani hilo linafanya jeraha liwe bichi zaidi. Mmarekani aliyeitazama wiki kwa wiki alipata kiangazi kizima kati ya msimu wa 8 na wa 9, akawa amesahau nusu ya ile safari ya Florida. Sisi hatukupata hata usiku mmoja. Mtu anamfuata mwanamke kwa gari hadi Florida kabla hujala cha jioni, na kabla hujalala amemwacha gatini.

Watetezi wa misimu ya mwisho hupenda kusema mashabiki ni watu wa kuchukia mabadiliko. Si kweli, na ushahidi uko kwenye tamthilia hiyo hiyo. Michael Scott wa msimu wa 1 ni mtu mgumu kumpenda, amechongwa karibu sana na bosi wa Waingereza. Msimu wa 2 wakamlainisha, wakampa upweke, wakamfanya afaulu kuuza karatasi kila anapokutana na mteja ana kwa ana. Ni badiliko kubwa kuliko la Andy na hakuna aliyeandamana. Na Dwight je? Mwanzo ni msaidizi wa meneja anayeshika sheria za ofisi kama kijana wa mgambo. Msimu wa 3 anamkuta Pam, mpokea wageni wa wakati huo, analia, anavua koti lake, anakaa naye, halafu anaharibu yote kwa swali la kipumbavu, lakini amekaa. Msimu wa 7 anakipata cheo alichokiota maisha yake yote na kukipoteza ndani ya sehemu moja kwa kufyatua bastola ofisini. Anapokuja kupewa umeneja wa kudumu mwaka 2013, unaona kabisa kwamba si yule wa bastola. Kila hatua tuliilipia kwa kuitazama.

Jim, muuzaji, na mkewe Pam wa msimu wa 9 waliwaudhi wengi vilevile, na ile hadithi ya Brian, mshika maikrofoni wa wale wanaorekodi maisha ya ofisi hiyo, aliyeanza kumfariji Pam, bado sijaipenda. Ila ugomvi wa Jim kuhamishia moyo wake kwenye kampuni mpya kule Philadelphia ni ugomvi wa kweli wa ndoa. Uliniuma kwa sababu niliuamini.

Anayeniuma bila kuniaminisha ni Kevin. Kuhusu Kevin Malone watu hawazungumzi vya kutosha, kwa sababu anachekesha mpaka mwisho, na anayechekesha hasamehewi tu, haangaliwi kabisa. Mwanzoni Kevin ni mhasibu mzito wa kuongea, mwenye ucheshi wa chinichini. Ana bendi anayoipigia ngoma na kuiimbia. Mei 2006, usiku wa kamari pale ghalani, tunaambiwa amewahi kushinda bangili ya mashindano makubwa ya poka, kisha Phyllis, mwenzao wa ofisini, anamfunga. Mtu wa namna hiyo anajua kupiga hesabu kichwani na kusoma uso wa mwenzake.

Mwisho wa msimu wa 4 anaajiriwa Holly, ofisa wa rasilimali watu, na Dwight anamdanganya kwamba Kevin ana ulemavu wa akili. Holly anaamini, anamsaidia kwa upole kununua vitafunwa kwenye mashine, na Kevin anafikiri anatongozwa. Kichekesho hicho kinasimama kwa sababu moja tu: si kweli. Kevin ni mtu wa kawaida, na anayechekwa ni Holly. Mwanzo wa msimu wa 5 uongo unafichuka na watu wanaona aibu.

Halafu, taratibu, waandishi wakaanza kuandika kana kwamba Dwight alisema kweli. Kila msimu wakampunguzia Kevin akili kidogo, kama fundi anayefupisha suruali mpaka inakuwa kaptula. Msimu wa 8 anaamua kupunguza maneno katika sentensi zake ili kuokoa muda, na sehemu ya mwisho tunaelezwa kwamba alikuwa amejitungia tarakimu yake mwenyewe ili vitabu vya hesabu vikubaliane. Nilicheka. Nakiri nilicheka sana. Lakini mhasibu huyo asingedumu kazini wiki mbili, wala asingekaa meza moja na wacheza poka wa Las Vegas akatoka na bangili.

Mashabiki wa The Simpsons waliliona jambo hili zamani kwa Ned Flanders, jirani mwema mcha Mungu aliyekamuliwa mpaka ikabaki dini tupu. Sababu naielewa. Misimu mingi ya The Office ilikuwa na sehemu zaidi ya 20, na kila wiki chumba cha waandishi kinahitaji kicheko cha uhakika. Kevin akisema neno la kijinga, kicheko kinakuja. Kevin akipiga ngoma vizuri, hujui kama kitakuja. Waingereza walikwepa hilo kwa kuacha mapema, jambo ambalo Marekani, kipindi kikiwa bado kinaleta matangazo, ni vigumu mno kulifanya.

Kwa hiyo Kevin namhesabu kama ajali ya urefu wa safari. Andy simhesabu hivyo, kwa sababu lake lingeweza kuzuiliwa na kikao kimoja cha waandishi. Walijua Helms hatakuwepo. David Wallace alikuwa ndiye mwenye kampuni mpya. Angemtuma Andy miezi mitatu kwenda kuliweka sawa tawi lingine, na Andy, ambaye hajawahi kumkatalia mkubwa jambo lolote, angekubali na kujisifu wiki nzima. Nellie angerudi kwenye kiti kwa baraka zote. Simu kati ya Andy na Erin zingepungua zenyewe, bila mbaya wala mwema, kama zinavyopungua kwa watu walio mbali. Pete angekuwa pale karibu na meza ya mapokezi. Na Andy aliporudi Februari, Erin angelazimika kumwambia ukweli mtu ambaye sisi sote bado tunampenda. Ellie Kemper, anayemcheza Erin, angeicheza hiyo vizuri sana.