Saa Tatu Si Kosa: Mtoto wa Kiswahili Mbele ya Mpimaji wa Shule Marekani

Mwonyeshe mtoto aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, yenye Wakongomani wengi, kisha akahamia Marekani, saa ya ukutani ambayo mshale mfupi uko kwenye tisa. Muulize ni saa ngapi. Atakwambia saa tatu, na kwetu amejibu sawasawa. Mpimaji wa shule ya Marekani asiyejua tunavyohesabu saa ataandika kwamba mtoto wa miaka kumi hajui kusoma saa. Akisimulia habari za dada yake kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza ("he"), kwa kuwa "yeye" yetu haichagui mume wala mke, hilo nalo litaandikwa.

Basi mzazi Mkongomani akisikia shule inataka kumpima mwanawe kwa ajili ya elimu maalumu, ana haki ya kushtuka. Mwaka 1970, katika kesi ya mahakamani iliyoitwa Diana huko California, ilionekana watoto wenye asili ya Meksiko walikuwa wamepelekwa madarasa ya wenye upungufu wa akili kwa kipimo cha akili cha Kiingereza. Waliporudia kupimwa kwa kutumia pia Kihispania, wengi wao walivuka kikomo cha upungufu wa akili, na kwa wastani walipanda alama 15. Leo sheria ya shirikisho inakataza kumhesabu mtoto kuwa na ulemavu ikiwa sababu kuu ni kutojua Kiingereza vizuri.

Kutokana na hofu hiyo kumezuka jibu linaloonekana la huruma: tumsubiri kwanza ajue Kiingereza. Lina msingi. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya watoto wa lugha mbili, alionyesha kwamba Kiingereza cha kuongea na wenzake mtoto hukipata kwa miaka 2 hivi, lakini kile cha masomo huchukua 5 hadi 7.

Lakini ihesabu miaka hiyo kwa mtoto ambaye kweli ana tatizo. Ameingia darasa la pili, hasikii vizuri sikio moja, au herufi hazimkai hata afundishwe vipi. Ukimsubirisha miaka mitano, anamaliza shule ya msingi bila msaada, na kila mwaka anaambiwa ni lugha tu. Mtoto huyu hana kesi maarufu mahakamani. Hapigi kelele; anakaa nyuma, anatabasamu, anapandishwa darasa. Januari 2015 wizara za elimu na sheria za Marekani ziliziandikia shule kwamba hairuhusiwi kuchelewesha upimaji kwa sababu tu mtoto bado anajifunza Kiingereza. Naona zilikuwa sahihi kabisa.

Ugumu ni namna ya kumpima. Sheria inasema kwa lugha yake, ikiwezekana. Ipi? Nyumbani Kibembe, uwanjani Kiswahili cha kambini, darasani Kifaransa cha mtaala wa Kongo. Na kutafsiri mtihani hakutoshi. Chukua zoezi la kurudia tarakimu kwa kumbukumbu: kwa Kiingereza, moja hadi tisa, zote ni silabi moja isipokuwa saba. Kwetu kila moja ina silabi mbili. Mzigo umekuwa mrefu zaidi, halafu unalinganishwa na alama za watoto wa Kiingereza!

Kuna njia iliyojaribiwa karibu na kwetu. Mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002, waliwapima wanafunzi wa vijiji vya Bagamoyo, wakawapa mafunzo mafupi, wakawapima tena. Alama zilipanda, na waliokuwa chini mwanzoni si lazima wawe ndio waliobaki chini. Kipimo cha kwanza peke yake kingewahukumu wengi ambao hawakuwahi kufundishwa jambo lile.

Ila shahidi wa kwanza ni mama. Tatizo la kweli la kujifunza halingoji Kiingereza, lilikuwapo kambini. Mtoto alichelewa kusema kuliko ndugu zake? Ukimtuma dukani vitu vitatu, hurudi na vingapi? Hadithi ya bibi anaweza kuirudia? Mama ayajibu hayo kwa lugha yake, mbele ya mkalimani aliyeletwa na shule, si kupitia mtoto yuleyule anayejadiliwa.