Gauni la kubana ni kazi ya fundi

Likizuka gumzo kuhusu gauni la kubana, lawama zote humshukia aliyelivaa. Mimi huangalia mshono kwanza. Nimeshona kwa miaka mingi kiasi cha kujua kwamba hakuna vazi linalompima fundi kama hili, na ninaumia kuona historia yake ikipunguzwa kuwa habari ya kujianika.

Tazama michoro ya Misri ya kale. Wanawake wamevalishwa magauni yaliyowaganda mwilini hivi kwamba mtu hujiuliza walipigaje hatua. Lakini magauni halisi yaliyofukuliwa makaburini si ya kubana hivyo. Gauni la Tarkhan, lililohifadhiwa kwenye makumbusho ya Petrie jijini London, lina umri wa zaidi ya miaka 5,000: ni la kitani, lina mikono na vikunjo vyembamba, na bado linaonyesha mikunjo ya viwiko vya aliyelivaa. Kitani hakivutiki. Mchoraji alibana kwa kalamu kitu ambacho sindano ya wakati ule isingeweza. Hamu ya vazi hili ilikuwepo kabla ya kitambaa chake.

Ulaya, katika karne ya 14, mafundi walianza kukata vipande kwa kufuata mipindo ya mwili na kuvikaza kwa vifungo na kamba. Baadaye ikaja koseti, vazi gumu la ndani la kukaza kiuno, na kwa karne kadhaa mwili ndio uliolazimishwa kuifuata nguo. Sina hamu ya kuisifia.

Anayenifanya niendelee kuipenda kazi hii ni Madeleine Vionnet, Mfaransa aliyefungua duka lake Paris mwaka 1912. Chukua kitambaa cha pamba cha mraba, ukivute kwa kufuata uzi: hakivutiki. Sasa kishike pembe mbili zinazotazamana, uvute tena. Kinarefuka, kinapungua upana, kisha ukikiachia kinarudi taratibu. Vionnet aliuchukua ukweli huo mdogo akaujengea magauni mazima, yaliyokatwa mshazari, akiyajaribu kwanza juu ya mwanasesere wa mbao. Katika miaka ya 1920 na 1930 wateja wake walivaa hariri iliyoteleza juu ya nyonga bila koseti. Anayedhani ni rahisi akate mshazari kipande kimoja tu, akining'inize usiku kucha, asubuhi aone pindo lilivyoshuka upande mmoja.

Kisha ikaja kemia. Mwaka 1958 Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alipata uzi wa kunyumbulika ambao leo tunaujua kwa jina la Lycra. Ulikusudiwa kuchukua nafasi ya mpira katika nguo za ndani za kubana tumbo, lakini haukukaa huko ndani. Hatimaye ulifika kwenye magauni, na kazi iliyohitaji jicho la fundi ikawezekana kwa kitambaa peke yake.

Hapo ndipo ninapogombana na soko la sasa. Gauni la kunyumbulika hukatwa vipande viwili, mbele na nyuma, likaunganishwa ubavuni na kuuzwa kwa saizi tatu au nne eti litamtosha kila mtu. Likijikunja kiunoni au kupanda mapajani kila hatua, mwanamke hujitazama kwenye kioo na kuulaumu mwili wake. Nimewaona wakitokwa machozi mbele ya kioo changu, na kila mara gauni ndilo lililokuwa na kosa. Halikuwa na hata kikunjo kimoja cha kuipa nafasi nyonga.

Uzi wenyewe sina ugomvi nao. Azzedine Alaïa, Mtunisia aliyesomea uchongaji mjini Tunis kabla ya kuhamia Paris, aliutumia vizuri sana miaka ya 1980. Magauni yake yalibana, lakini mishono ilizunguka mwili kama mchongaji anavyozungusha patasi: mmoja unainua, mwingine unashikilia mgongo, na zipu imewekwa inapofaa. Mbunifu Mfaransa Hervé Léger naye alipanga kanda za kufumwa, moja juu ya nyingine, kila moja ikikaza sehemu yake.

Ndiyo maana nikishika gauni la kubana dukani huligeuza nje ndani kabla ya kuangalia rangi. Nahesabu mishono. Nikikuta miwili tu, ya ubavuni, nalirudisha kwenye hanga.