Mungu Mkamilifu, Watu Wenye Kasoro: Majibu ya Wakristo Yanafika Wapi?

"Basi ninyi mtakuwa wakamilifu, kama Baba yenu wa mbinguni alivyo mkamilifu." Mstari huu wa Mathayo 5:48 husomwa makanisani kuanzia Nakuru hadi Busia, na wanaousikiliza wanajijua. Huyu hajasalimiana na jirani tangu mwezi uliopita kwa ajili ya mpaka wa shamba, yule amekula pesa za chama. Ndipo swali linapojileta lenyewe. Ikiwa Mungu ni mkamilifu, na ndiye aliyetuumba, kasoro zetu zimetoka wapi? Alishindwa kutuumba vizuri kuliko hivi, au hakutaka?

Jibu ambalo wengi tulilipata tangu shule ya Jumapili lilipangwa na Mwafrika. Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Alifundisha kwamba kila alichoumba Mungu kilikuwa chema, kama Mwanzo 1:31 inavyosema. Uovu kwake haukuumbwa, kwa sababu si kitu kinachosimama chenyewe. Ni pengo pale ambapo wema ulistahili kuwepo. Adamu alitumia hiari yake vibaya, nasi uzao wake tukarithi uharibifu huo. Mtawa Pelagio alipopinga, akidai mtu anaweza kuishi bila dhambi kwa juhudi zake, mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Karthago wa mwaka 418 ulimkataa.

Uzuri wa jibu hili ni kwamba halimtwiki Mungu lawama, na halimdanganyi mtu kuhusu hali yake. Anayesoma Warumi 7:19, "lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo," anajikuta humo. Lakini lina mahali linapokwama. Kiumbe aliyekuwa mwema kabisa aliupata wapi hata huo mvuto wa kwanza wa kutaka ubaya? Na mtoto aliyezaliwa usiku wa leo katika hospitali kuu ya Kisumu, ile tunayoiita Russia, anabebaje hatia ya mtu ambaye hakumwona? Waorthodoksi hapa wanaachana na Agostino: kwao tumerithi kifo na udhaifu, hatukurithi hatia. Mimi naona wamepata.

Karibu miaka 200 kabla ya Agostino, Ireneo, askofu wa Lyon katika Ufaransa ya leo, alikuwa na njia nyingine. Kwake, Adamu na Hawa walikuwa kama watoto, bado hawajakomaa. Mama anaweza kumpa mtoto mchanga chakula cha watu wazima, alisema Ireneo, ila mtoto mwenyewe hawezi kukipokea. Mungu hakukosa uwezo wa kutupa ukamilifu. Sisi ndio tusingeweza kuubeba siku ya kwanza, kwa hiyo tuliumbwa ili tukue. Mwaka 1966 mwanafalsafa Mwingereza John Hick aliikuza hoja hii: dunia ni mahali pa kuunda roho, na subira, ujasiri na huruma haviwezi kuwekwa ndani ya mtu vikiwa tayari. Waebrania 5:8 inasema hata Mwana alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata.

Wapinzani nao wana hoja nzito, na haifai kuzipita juujuu. J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini kuwa kuna Mungu, aliandika mwaka 1955: ikiwa mtu anaweza kuchagua mema kwa hiari yake mara moja, kwa nini Mungu asiumbe watu ambao watayachagua mema kwa hiari yao kila mara? Alvin Plantinga, Mmarekani wa mapokeo ya Kalvini, alimjibu mwaka 1974 kwamba huenda jambo hilo halimo katika uwezo wa yeyote, kwa kuwa uamuzi wa hiari ni wa mwenye kuamua. Mungu akiulazimisha, si hiari tena. Jibu hilo liliwatosheleza hata wanafalsafa wengi wasioamini, kwa maana kwamba Mungu mwema na uovu si mambo yanayokanushana kimantiki. Hata hivyo Mkristo anabaki na swali la mbinguni. Tunaamini kwamba huko tutakuwa huru na hatutatenda dhambi. Kama linawezekana huko, mbona lisianzie hapa? Wanaomfuata Ireneo husema watakatifu wa mbinguni walifika kwa safari, na tabia waliyoipata njiani ndiyo inayowalinda. Nalikubali jibu hilo, ila halimgusi kila mtu, kama nitakavyoeleza.

Chukua Sachangwan, karibu na Molo, kwenye barabara inayotoka Nakuru kwenda Eldoret. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka hapo. Watu wakamiminika na mitungi na ndoo kuteka petroli, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Wengi waliungua wasitambulike. Ni rahisi kusema waliponzwa na tamaa, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Lakini tazama kasoro zilizokutana pale: lori lililoanguka, umaskini unaofanya lita chache za petroli zionekane kama karo ya muhula, uzembe wa pamoja wa kutofukuza umati mapema, na pupa pia, ndiyo. Ni dhambi ya nani hasa? Yesu aliulizwa jambo la namna hii. Katika Luka 13 anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Hatoi maelezo ya mnara. Anawageukia waliouliza, anawaambia watubu wao.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Hoja ya kukua kwa njia ya udhaifu ni ya kweli mtu anapoisema juu ya udhaifu wake. Paulo aliposikia "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu," mwiba ulikuwa katika mwili wake, si wa jirani. Rafiki zake Ayubu walikuwa na teolojia iliyonyooka, wakaimimina juu ya mtu aliyekaa majivuni, na Mungu akawakasirikia. Mhubiri anayesimama kwenye mazishi na kumwambia mjane kwamba Mungu ana kusudi lake anafanya kazi ya akina Elifazi, hao rafiki wa Ayubu.

Kuna atakayesema: kama ni kweli kwangu, ni kweli kwa mwenzangu pia, kwa sababu ukweli haubadiliki kwa kubadilisha mdomo. Pingamizi hilo ni halali. Lakini hoja ya hiari inaeleza kwa nini Mungu aliwapa watu uhuru kwa ujumla. Haielezi kwa nini uhuru wa huyu ulilipwa na mwili wa yule, na anayeitumia kueleza hilo ameivusha mpaka wake.

Makanisa ya magharibi mwa Kenya yamelishughulikia swali hili zaidi kwa matendo kuliko kwa vitabu. Wakweka (Quakers, yaani kanisa la Friends) walifika Kaimosi mwaka 1902 na imani kwamba kuna nuru ya Mungu ndani ya kila mtu. Waasisi wao walifundisha kwamba mtu anaweza kuwekwa huru na dhambi katika maisha haya. Waanglikana, ambao shule yao ya Maseno ilianza mwaka 1906, wana ibada inayowafanya waungame kila Jumapili kana kwamba hakuna aliyefika. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, likaungamisha watu hadharani. Uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 nao ukaleta ndugu waliosimama na kutaja dhambi zao kwa majina. Ulileta uponyaji mkubwa. Pia ulizaa hukumu: huko Nyanza, Waanglikana waligawanyika kati ya waliojulikana kama Joremo, watu wa damu, na Johera, watu wa upendo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Johera wakawa na kanisa lao. Waliodai kutakaswa waliwatazama wenzao kama wasiookoka. Wenzao wakauliza upendo umekwenda wapi. Waraka wa Kwanza wa Yohana una pande zote mbili: sura ya 1 inasema tukidai hatuna dhambi tunajidanganya, na sura ya 3 inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi.

Linabaki jambo ambalo Hick mwenyewe aliliona. Mtoto aliyekufa akiwa na wiki mbili hakupata nafasi ya kuunda tabia yoyote, wala hakuna aliyemwacha akue. Hick alijibu kwamba safari inaendelea baada ya kifo. Wakatoliki wana toharani, ingawa hiyo ni ya kuwatakasa waliokwisha kuishi. Makanisa mengi ya kiinjili hapa kwetu yanakataa yote mawili kwa Waebrania 9:27, kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo ni hukumu. Wana haki ya kusimama na mstari huo, lakini mchungaji anayehubiri kwamba kasoro zipo ili tukue, kisha akafunga mlango wa ukuaji kaburini, bado hajamjibu mama wa mtoto huyo.