El Niño na mahindi ya Ismani: nani hasa haelewi?

Mwelekeo wa mvua za Novemba hadi Aprili ukishatangazwa, lawama za kila mwaka huanza. Mkulima wa Ismani, mkoani Iringa, kaambiwa kuna El Niño, au La Niña, na bado kapanda vilevile alivyokuwa akipanda baba yake. Mbishi huyo, hasikii wataalamu. Mimi naona anaonewa.

Wanaosema bahari ndiyo inayoamua mvua zetu wana hoja nzito. Maji ya katikati na mashariki ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, ndiyo El Niño (yakipoa, La Niña), mzunguko wa hewa katika tropiki nzima hubadilika. Na Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi huku kwetu magharibi kuliko kule Indonesia, hewa yenye unyevu hupanda upande huu na mvua humwagika Afrika Mashariki. Mwaka 1997 yote mawili yalikutana, na waliokuwepo hawahitaji kusimuliwa. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi ilifanya kazi hiyo karibu peke yake.

Sasa tazama kalenda. Tofauti hiyo ya joto ya Bahari ya Hindi hupamba moto kati ya Septemba na Novemba, kisha kwa kawaida hufifia Desemba kuelekea Januari, pepo za msimu zinapogeuka. Kwa mtu wa Tanga au Arusha, ambaye vuli yake ni Oktoba hadi Desemba, habari hiyo ni mali. Ismani hakuna vuli. Msimu ni mmoja, mvua ya kupandia huja kuelekea Desemba, na mahindi huchanua Februari. Yaani ishara iliyo wazi kuliko zote inazimika mbegu ndiyo kwanza inaota!

Jiografia nayo haitusaidii. Miaka ya El Niño, nchi za ikweta upande huu wa Afrika huelekea kupata mvua nyingi, na kusini mwa bara hukauka. Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, Mbeya karibu nyuzi 9: katikati ya kambi hizo mbili, na mpaka wake hausimami mahali pamoja. Msimu wa 2023/24 tope la mlima lilifunika makazi Hanang mwezi Desemba, na Itezi, Mbeya, mwezi Aprili. Zambia, ambayo ukivuka Tunduma umeshaingia, ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Februari hiyo hiyo ya 2024. El Niño ilikuwa moja. Ile ya 2015/16 ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, lakini mafuriko ya 1997 yaliyotarajiwa na wengi hayakurudi kwa kiwango kile.

Ila kinachoniudhi zaidi ni neno "wastani". Jumla ya mvua ya msimu inaweza kuwa ya wastani kabisa na ghala likabaki tupu. Jua la wiki mbili tatu likikamata Februari, majani yanajikunja kabla hata ya saa nne asubuhi, ndevu za muhindi zinakauka kabla chavua haijazifikia, na ukimenya unakuta gunzi lenye punje za kuhesabika. Machi mvua ikija kwa fujo, kipimo kinajaa na takwimu zinapendeza. Hesabu ya miezi sita haiwezi kukwambia jua hilo litaanguka wiki gani. Ndiyo maana mzee wa Ismani hakurupuki na mvua ya kwanza; anafukua kwa jembe aone unyevu umeshuka hadi wapi, na eneo lingine analitia mtama na alizeti, mazao yanayovumilia. Huko ni kujikinga na kitu ambacho utabiri wa msimu haujawahi kudai kukijua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa yenyewe, tuwe wakweli, husema "wastani hadi juu ya wastani" kama uwezekano, na hutoa pia taarifa za kila siku 10. Zikifika redioni na vijiweni, uwezekano unageuka ahadi, na zile za siku 10 hakuna anayezitaja.

Wenye kuhitaji jumla ya msimu wapo. Bwawa la umeme la Mtera hukusanya maji ya miezi yote bila kujali yaliingia wiki gani, na mgao wa umeme wa 2006 ulionyesha bwawa likikauka inakuwaje. Wahandisi wa huko waifuatilie Pasifiki kuanzia Agosti. Mwenye ekari tatu Ismani apelekewe taarifa ya siku 10, hasa Januari, akiwa bado ana palizi na mbolea ya kukuzia ya kuamulia.