Nisaidieni, Nakufa!

Kazi yangu ni kusoma hadithi na kuzirekodi, na chumba ninachofanyia kazi hiyo kilikuwa na kuta tupu, sakafu ya vigae na dirisha kubwa la kioo. Nikisoma, maiki inanirudishia sauti ya mtu aliyetumbukia kwenye pipa. Nikipiga kofi, chumba kinajibu "trrrr", eti nacho kina maoni.

Nilianza na mito ya kochi. Ujanja huo haukuwa wangu. Mwaka 1895, Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia pale Harvard, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo neno likitamkwa linazagaa hewani kwa zaidi ya sekunde 5. Basi usiku akawa anahamisha mito ya viti vya ukumbi mwingine, anaipanga humo na kupima mwangwi unavyopungua. Nilimsimulia mke wangu habari hii kwa adabu zote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mke wa huyo Sabine, yeye alikuwa anakalia nini?"

Mito ikarudi sebuleni.

Ndipo mdogo wangu, fundi wa mbao, akajitolea kunitengenezea paneli: fremu zenye kina cha sentimita 10, ndani pamba ya mawe, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, juu kitambaa cheusi. Unene ule si mbwembwe. Sponji nyembamba humeza sauti kali tu, zile nzito zinabaki zinavinjari chumbani, na msomaji anasikika kama ana mafua. Kitambaa nacho lazima kipitishe hewa; ukikipuliza pumzi isipotokea upande wa pili, tafuta kingine. Vaeni glavu na mikono mirefu, jamani. Pamba ile inawasha! Tulijikuna mpaka sehemu ambazo hazikuwahi kukunwa.

Tulizitundika zikiwa zimeachana kidogo na ukuta, kwa kuwa nafasi ile ya nyuma husaidia kunasa sauti nzito. Moja, kubwa kuliko zote, ilikosa msumari, tukaiegemeza nyuma ya mlango. Mdogo wangu akapiga kofi. Kimya. Akajipigapiga kifua.

"Kaka, humu hata ukichinjwa hakuna atakayesikia."

Nikamweleza kwamba paneli hutuliza mwangwi wa ndani tu, hazizuii sauti kutoka. Hiyo inataka ukuta mzito na mlango usio na upenyo hata wa wembe. Akaniangalia kwa huruma, akafungasha misumeno yake.

Kesho yake zamu ilikuwa ya hadithi ya mjane aliyevamiwa usiku. Mteja alishaniagiza kilio kitoke tumboni, si puani. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho, nikalia: "Nisaidieni! Nakufa!" Ikatoka ya puani. Nikarudia. Nikashika kiti, nikakita miguu, nikarudia tena, sasa na kukoroma kidogo kwa ajili ya uhalisia. Raha ya chumba kisicho na mwangwi ni kwamba unajisikia mpaka mate yanavyopita kooni, na mimi nilikuwa nimejisikia haswa.

Kilichokuwa kinaendelea nje sikukisikia. Mlango ulipigwa teke, ukafunguka kwa kishindo, na ile paneli kubwa ikaniangukia mgongoni. Nikalala kifudifudi, mimi na maiki yangu, chini ya sanduku refu lenye kitambaa cheusi.

Wa kwanza kuingia alikuwa mama jirani, mwiko mkononi. Akaona sanduku. Akaona miguu yangu imechomoza.

"Yarabi! Wamemzika hai!"

Nyuma yake kijana mmoja alikuwa na panga, akimtafuta wa kumkata. Nilijaribu kueleza nikiwa chini kulekule, lakini mdomo wangu ulikuwa umebanwa kwenye vigae, na yaliyotoka yalizidi kuwathibitishia kwamba nakata roho. Waliponiinua, nikawaonyesha karatasi ya hadithi. Mama jirani aliisoma yote, polepole, halafu akanipiga na mwiko.

Kumbe kompyuta ilikuwa ingali inarekodi. Nilipoisikiliza jioni, kila neno la yule mama limekaa wazi, limenyooka, bila chembe ya mwangwi. Nikamtumia mteja, tucheke wote. Hakucheka. Kilio changu alisema bado kinatoka puani, ila huyo mama wa mwishoni anamtaka kwa hadithi nzima.

Nimempelekea habari. Anauliza malipo yatakuwa kiasi gani, na kama mwiko aje nao.